Kabla Hujatoboa Sakafu ya Hiace

Anayetaka kuweka bafu na choo ndani ya gari lake la safari kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue shawa ya aina gani. Hilo liwe swali la mwisho. Yanayotangulia ni matatu: maji utayapata wapi, uzito wake utakaa sehemu gani ya gari, na yakishachafuka utayamwaga wapi. Ukikosa jibu la swali la tatu, usimruhusu fundi ashike drili.

Naandika nikiwafikiria watu wa mkoa wa Singida na wale wanaokuja kwetu kikazi. Mnunuzi wa asali anayekaa siku kadhaa kwenye kambi za Manyoni na Itigi, mfanyabiashara anayezunguka minada ya Ikungi, Iramba na Mkalama, fundi wa minara ya simu, mpima ardhi, mwenye trekta la kukodisha msimu wa kulima: wote hawa kuna usiku wanalala garini, mbali na gesti yoyote. Hiace iliyochoka kubeba abiria ikang'olewa viti, au Canter yenye boksi, inageuka chumba kizuri cha kulala kwa godoro na pazia tu. Tatizo huanza alfajiri. Mwanamume atajitokomeza vichakani na kurudi. Mwanamke anasubiri giza, anakunywa maji kidogo makusudi ili asihangaike, na usiku anashuka na tochi mahali penye nyoka na fisi. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kuweka choo garini, kabla hata hatujafika kwenye vumbi la mwilini.

Jambo la vyoo limesemewa nchini kwetu kwa miaka mingi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza vijijini, iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili, na vyoo vilivyochimbwa vilikuwa miongoni mwa matunda yake makubwa. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo. Kampeni zote mbili zilimlenga zaidi mwenye nyumba iliyosimama mahali pamoja. Msafiri akabaki na kuchimba dawa. Lakini anayelala garini siku nne mfululizo naye ana nyumba, na kinyesi anachokiacha nyuma ya kichaka kitateremka na mvua za kwanza hadi kwenye lambo ambalo mifugo inanyweshwa na watoto wanachota maji.

Kabla ya kutoa hela, chora njia zako. Anayetembea barabara kuu kutoka Dodoma kupita Manyoni na Singida hadi Nzega, au anayepita Katesh kuelekea Babati, hana haja ya bafu garini. Kwenye stendi na miji ya njia hizo utapata bafu la kulipia au chumba cha gesti, na pesa ya ufundi ni bora ikanunua matairi. Bafu la garini lina maana kwa anayeacha lami: anayeshika njia ya Itigi kwenda Rungwa hadi Makongolosi, anayelala vijiji vya ndani vya Mkalama, anayepiga kambi pembeni mwa tambarare la Wembere.

Na hata huyo namshauri hivi: choo kikae ndani, bafu likae mlangoni. Choo unakihitaji saa usiyoichagua, usiku wa manane, ukiwa umejifungia. Saa ya kuoga unaichagua mwenyewe. Bafu la kudumu ndani ya Hiace linakula nafasi ya mtu mzima kulala, kwa shughuli ya dakika kumi kwa siku, na bado hutasimama humo, maana Hiace ya paa la kawaida ina kimo cha kama mita 1.3 tu kwa ndani. Wenye Coaster, au Canter yenye boksi refu, wana hesabu nyingine na nitawafikia.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaosahaulika. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna ufundi wa kulipunguza hilo. Chukua watu wawili kwa siku nne. Kwa kuoga, lita 8 kwa mtu kwa siku zinatosha kabisa kama unafunga koki wakati wa kujipaka sabuni. Hizo ni lita 64. Kunawa, kuosha vyombo na kuchamba, weka lita 10 kwa siku kwa wote wawili. Jumla imepita lita 100. Hujapakia godoro wala jiko, na tayari umebeba gunia zima la mahindi. Gunia hilo ukiliweka nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, linainua pua ya gari, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza kwenye changarawe. Mahali pake ni sakafuni, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na upande wa pili uwekwe betri na mizigo mingine ili gari lisilalie upande mmoja.

Tangi moja kubwa lina kasoro nyingine. Likiwa nusu, maji yanasukumana, na kila unapokata kona au kushika breki uzito mzima unahama. Anayepanda Sekenke akitokea Shelui ataihisi hali hiyo kwenye kila kona. Kwa hiyo mimi sipendekezi tangi la kudumu kwa gari dogo. Napendekeza madumu matano ya lita 20, yaliyobanwa kwa mkanda ndani ya fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti sakafuni. Dumu linauzwa kila mahali. Likipasuka unapoteza lita 20, si safari yote. Unaweza kulishusha na kulipeleka bombani pale gari lisipofika, na unaweza kupanda mlima ukiwa na mawili yaliyojaa kisha ukajaza mengine huko juu. Masika, udongo mweusi wa mbugani unaponata, ukiacha madumu matatu tupu umepunguza kilo 60 kwenye gari ambalo pengine utalisukuma kwa mikono. Nunua madumu yaliyokuwa na mafuta ya kula au mapya, usiguse lililowahi kubeba dizeli au dawa za shamba. Na uyafunike yasipigwe na mwanga, kwani maji yanayoona jua hufanya ukijani ndani ya siku chache.

Swali la maji yatoke wapi lina upande wa adabu, na nataka tulitazame hilo kwa makini. Singida ni nchi kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi hakuna kitu. Kwenye vijiji vingi, ifikapo Septemba, foleni ya ndoo kisimani huanza kabla ya jua. Msafiri anayefika na gari na kujaza lita 100 asubuhi, mbele ya akina mama wenye ndoo moja moja, anawakosea watu hata kama amelipa. Jaza mjini kabla ya kuondoka, kwa maji ya SUWASA kama uko Manispaa, au nyumbani kwako. Ukilazimika kujaza kijijini, nenda mchana watu wamepungua, muulize msimamizi wa kile chombo cha watumiaji maji kilicho chini ya RUWASA, lipa bei ya kila dumu, na usichukue zaidi ya mawili.

Maji yetu ya chini ya ardhi yana mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni madini ya floridi, ambayo kwenye visima vingi vya ukanda huu yapo kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kuogea hayana shida, ila kuyachemsha hakuiondoi floridi. Kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Kwa hiyo maji ya kunywa yawe na dumu lake, la rangi tofauti, lisilochanganywa na ya kuogea hata siku moja. La pili ni chumvi na chokaa. Ziwa Singida na Ziwa Kindai yanavutia macho pale mjini, lakini maji yake ni ya chumvi na pampu ndogo haiyapendi. Maji ya kisima yenye chokaa yataziba matundu ya shawa kwa ukoko mweupe. Loweka kichwa cha shawa kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha, asubuhi utasugua na mswaki.

Sasa bafu lenyewe. Hiace yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu imekwisha kukupa paa. Mwambie fundi wa maturubai akushonee pazia la pande tatu lenye pete za chuma, litundikwe kwenye fimbo nyepesi iliyofungwa ukingoni mwa mlango huo, na chini liwe na mfuko wa kutia mawe au mchanga. Upepo wa Singida si wa kubeza. Elekeza pua ya gari kunakotoka upepo, ambao mara nyingi kwetu ni mashariki, ili gari lenyewe likukinge. Zile bomba za hewa zinazoshikilia mlango zikizeeka huachia bila taarifa, kwa hiyo uwe na mti imara wa kuegemeza mlango kabla ya mtu kuingia chini yake. Chini uweke chaga ya mbao iliyoinuliwa kwa mawe manne, usisimame kwenye tope lako mwenyewe.

Rangi ya pazia si suala la urembo. Maturubai mengi madukani ni ya buluu, na buluu pamoja na nyeusi ndizo rangi zinazotumika kutengeneza mitego ya mbung'o, kwa sababu wadudu hao hufuata rangi hizo. Ukipiga kambi kwenye misitu ya Manyoni na Itigi, karibu na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo au Muhesi, pazia la buluu litakuletea mbung'o wakati huna nguo. Chukua turubai zito la kaki au la kijivu. Jioni ning'iniza taa nje ya pazia, upande wa mlangoni, isije ikachora kivuli chako kwa kila aliye kambini.

Kwa shawa, kifaa bora nilichokiona hakina waya wala betri. Ni bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani, la lita 16, linalouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Linunuliwe jipya, liandikwe kwa rangi kwamba ni la kuogea, na lisiazimwe na mtu yeyote kwa kazi ya shamba. Toa ile nozo ya kunyunyizia, ufunge kichwa kidogo cha shawa chenye koki yake. Pampu ya mkono inajaza msukumo, unaoga kwa maji membamba yenye nguvu, na wengi huridhika na lita 5 au 6. Likiharibika, raba zake zinapatikana kwenye maduka hayo hayo. Kama una mtoto mdogo au mzee garini, kigoda na kopo havijawahi kushindwa, na mtu aliyekaa kwenye kigoda hatelezi.

Anayetaka pampu ya umeme achukue ndogo ya volti 12 inayozama ndani ya dumu. Pampu ya ampia 4 ikifanya kazi dakika tano inakula theluthi moja tu ya ampia-saa, kiasi ambacho betri haitakitambua. Weka fyuzi karibu na betri, na swichi mbali na majimaji. Hapohapo nitoe onyo kuhusu zile shawa za umeme zinazochemsha maji papo hapo, ambazo tunazijua kwenye nyumba za mjini. Nyingi zinahitaji karibu wati 5,000. Ukigawa kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 400. Hakuna inveta ya kawaida wala betri ya gari itakayobeba mzigo huo, na anayekuuzia kwa ahadi kwamba itawezekana anakuuzia moto.

Maji ya moto kwetu yanatoka juani. Dumu jeusi, au bomba la PVC la majitaka la inchi nne lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa na kufungwa kwenye keria ya paa, huchukua joto kuanzia saa sita mchana na jioni unaoga vizuri. Bomba hilo linabeba kama lita 8 kwa kila mita moja, hivyo mita mbili zinatosha watu wawili. Liwe na tundu la kuingiza hewa na literemshe maji kwa uzito wake tu. Wako wanaolifunga na kulijaza upepo kwa pampu ya tairi ili lipate msukumo. Usifanye hivyo. Bomba la majitaka halikutengenezwa kubeba upepo, na likiwa limepata joto linapasuka kwa vipande vikali. Usisahau pia kupima kwa mkono kabla ya kumwagia mtoto, maana maji yaliyokaa juani mchana kutwa yanaweza kuunguza.

Juni na Julai, asubuhi kukiwa na baridi na upepo, jua halitakusaidia alfajiri. Chemsha lita 2 tu kwenye sufuria nje ya gari, uchanganye na lita 5 na nusu za maji baridi. Kwa kimo cha Singida, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95, na kama yale ya baridi yako nyuzi 20 utapata maji ya kuoga ya nyuzi 40. Nasema nje ya gari, na narudia: nje. Jiko la mkaa, jiko la gesi au hita ya gesi ya kuogea visiwashwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Anayelala nayo haamki. Kila mwaka mkaa wa kuota moto unaua watu ndani ya vyumba vikubwa kuliko gari lako.

Wenye Coaster na Canter za boksi wana kimo cha kusimama au karibu yake, kwa hiyo wanaweza kujenga bafu la ndani. Kabla ya kununua chochote, chora chumba hicho sakafuni kwa chaki, usimamishe kuta za maboksi, uingie, uiname kama unayeosha miguu. Sentimita 70 kwa 70 ndicho kipimo cha chini kabisa. 80 ni bora. Sinia la chini liwe la faiba, kipande kimoja chenye kingo zilizopanda juu, na mafundi wa faiba wanaotengeneza bampa wanaweza kulimwaga kwa kipimo chako. Bati la kuchomelea litashika kutu kwenye viungo. Vigae usiviweke kabisa. Makorongo ya barabara zetu yatavipasua ndani ya msimu mmoja, na uzito wake ni wa bure. Kuta zifunikwe kwa mbao za PVC zile za dari, nyepesi na zisizonyonya maji, viungo vyake vizibwe kwa silikoni baada ya vumbi kufutwa vizuri, kwani silikoni juu ya vumbi haishiki.

Tundu la kutolea maji litobolewe baada ya mtu kulala chini ya gari na kuonyesha kwa chaki mahali zilipo bomba za breki, bomba za mafuta, nyaya, tangi la dizeli na mihimili ya chasisi. Bomba la inchi moja na nusu, lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, liishie kwenye dumu pana la lita 30 au 40 lililofungwa chini kwa mikanda ya chuma. Ile shingo ya maji inayozuia harufu kwenye nyumba haifai peke yake garini, kwani gari likitikisika maji yake humwagika. Weka kizibo cha mpira kwenye tundu kila unapoanza safari. Baada ya kuoga, futa kuta na uache mlango wazi. Hapa hali ya hewa yetu ni rafiki: kinachochelewa kukauka Tanga au Unguja, Singida kinakauka upesi, na ukungu haupati pa kukaa.

Sasa choo, ambacho ndicho kinachohitaji fikra zaidi. Vyoo vingi vya garini vimebuniwa Ulaya na Marekani, kwa watu wanaotumia karatasi na wenye vituo maalumu vya kumwagia njiani. Sisi tunachamba kwa maji, na vituo hivyo hatuna. Tofauti hiyo inabadilisha hesabu yote. Choo cha kubebeka chenye tangi la chini la lita 20 kinasifiwa kwamba kinakaa karibu wiki nzima. Watu wawili wakikitumia kwa haja zote, mkojo na maji ya kuchamba yanaingia humo, hufikia lita 9 kwa siku, na siku ya tatu huna pa kukaa. Mkojo ukiwa na dumu lake la lita 10, lenye faneli na mfuniko wa kubana, tangi lile linapokea kama lita 3 tu kwa siku. Hapo ndipo siku sita zinapatikana kweli. Kwa hiyo tenganisha tangu mwanzo, na waelekeze wote wanaosafiri nawe, wageni hata wakwe, bila kuona haya. Kinachoaibisha zaidi ni tangi lililofurika.

Kuna choo kikavu pia, ndoo yenye kiti na kifuniko, ambapo kila haja hufunikwa kwa kitu kikavu. Wengi huambiwa watumie vumbi la mbao. Singida tuna maganda ya alizeti kwenye mashine za kukamulia mafuta, na yakichanganywa na majivu kidogo yanakata harufu vizuri. Tatizo ni kuchamba: maji yakiingia kwenye ndoo kavu, ukavu umekwisha na nzi wamekaribishwa. Anayetaka choo hiki lazima awe na beseni dogo la pembeni la kuchambia, na maji ya beseni hilo yahesabiwe kuwa kinyesi, yasiungane na maji ya kuogea. Kwa familia inayochamba kwa maji naona choo cha tangi kina usumbufu mdogo. Kwa mtu mmoja mwenye nidhamu, ndoo ya maganda ni rahisi zaidi na haiharibiki.

Kumwaga kufanyike kwenye choo cha shimo au cha tangi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Gesti, shule au zahanati haikulazimiki kukupokea, kwa hiyo omba kwa heshima, uje na maji yako ya kusuuzia, uache pakiwa pasafi kuliko ulivyopakuta. Zile dawa kali za kuua harufu usizimwage kwenye shimo la mtu, zinaua vijidudu vinavyofanya kazi humo. Taulo za kike na nepi zisiingie kwenye choo chochote. Ziwe na ndoo yake yenye mfuniko hadi utakapofika penye shimo la taka. Maji ya kuogea, yenye sabuni tu, yanaweza kumwagwa kwenye shimo dogo au chini ya mti, mbali na lambo, mto na kisima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa kwa shughuli zinazoweza kuharibu mazingira, na kipimo hicho ni kizuri kwa msafiri pia: kama hatua 80 za mtu mzima.

Kwenye karatasi, mambo ni machache lakini yasirukwe. Usajili wa magari uko TRA, na kubadilisha aina ya bodi kunagusa maelezo ya kadi. Uliza kabla hujakata chuma. Mpitie askari wa ukaguzi wa magari na uieleze kampuni yako ya bima, kwa maandishi, kwamba viti vimetoka na matangi yameingia. Hiace yenye leseni ya LATRA ya kubeba abiria usiifanyie mabadiliko haya huku ukiendelea kuchukua abiria.

Kazi ikikamilika, lala garini uani kwako siku mbili bila kuingia ndani ya nyumba kwa haja yoyote. Utagundua kwamba taa haifiki chooni, kwamba sabuni haina pa kukaa, kwamba mfuniko wa dumu la mkojo hauwezi kufunguliwa kwa mkono mmoja. Yarekebishe hayo mafundi wakiwa karibu. Kisha jaza madumu yote na uendeshe kwenye barabara mbovu unayoijua, urudi, ulale chini ya gari na tochi, ushike kila kiungo kwa mkono mkavu. Bolti za fremu zitakuwa zimelegea. Zikaze, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza.

Kila urudipo nyumbani mwaga maji yote yaliyobaki, hata kama ni mazuri, kwa sababu dumu lenye maji nusu ni nyumba ya mbu. Tangi la choo lisuuzwe mara mbili na raba yake ipakwe grisi kidogo ya silikoni isikauke. Pazia lianikwe likauke pande zote kabla ya kukunjwa. Pitisha lita mbili za maji safi kwenye pampu, toa fyuzi, na uache milango yote wazi hadi jioni.